Mvua ya Septemba Iliyopotea Kwenye Jedwali

Nilifika Kigali mwanzoni mwa mwaka 1991 nikiwa na shahada ya takwimu kutoka Dar es Salaam, mkataba wa miaka miwili na mradi wa wafadhili wa nje, na Kifaransa cha kusalimia tu. Nilikuwa na miaka ishirini na saba na nilijiona najua. Ninalisema hilo mapema kwa sababu mengi yaliyonikera mwaka ule yalianzia hapo, ingawa niliwakasirikia watu wengine wote kabla sijajikasirikia mwenyewe.

Ofisi yetu ilikuwa Kiyovu, katika nyumba ya zamani ya kuishi iliyogeuzwa ofisi. Tulipokea vipimo vya mvua kutoka vituo vya nchi nzima na kutoa jedwali ambalo watu wa kilimo walitakiwa kulitumia kupanga ugawaji wa mbegu za maharage na mahindi. Kompyuta ilikuwa moja tu. Waliiweka katika chumba kilichokuwa jiko, kwa kuwa ndicho pekee chenye nondo dirishani, na sinki lilikuwa bado ukutani, linadondosha maji mchana kutwa. Mkuu wa ofisi alikuwa Mnyarwanda wa makamo aliyesomea Bukavu na baadaye Ulaya. Tulizungumza Kiswahili chake cha Bukavu na changu cha Dar, na kila mmoja wetu aliona mwenzake anakiharibu.

Programu ya kutengeneza jedwali niliikuta. Iliandikwa kwa lugha ya kompyuta iitwayo Fortran na mtaalamu wa kigeni aliyekuwa na kiti changu kabla yangu. Vita vilipoanza kaskazini Oktoba ya mwaka uliotangulia, waasi walipovuka kutoka Uganda, alifunga sanduku akaondoka bila kumkabidhi mtu yeyote chochote. Maelezo aliyoyaacha ndani ya programu yalikuwa ya Kifaransa na yalikuwa machache. Pale alipoona jambo liko wazi hakuandika neno, na kwake yeye karibu kila jambo lilikuwa wazi. Miezi miwili ya kwanza niliimaliza nikiwa na kamusi upande mmoja na karatasi za programu upande mwingine, namlaani mtu ambaye sikuwahi kumwona uso.

Mtu pekee aliyeijua ile kazi tangu mwanzo alikuwa mzee mmoja, karani wa daftari za mvua. Alikuwa anakaa Kanombe, na alianza kazi akiwa kijana kwa kupima mvua pale karibu na uwanja wa ndege. Sasa alikuwa amebakiza miaka michache astaafu. Vituo vilituma vipimo kwa barua au kwa simu ya upepo, yeye akavinakili katika madaftari makubwa kwa mwandiko mzuri ambao sijauona tena. Kisha, kama yule mtaalamu alivyomfundisha, aliingiza namba hizo kwenye kompyuta kwa vidole viwili, polepole, akisoma kila moja kwa sauti ya chini. Mimi aliniita "mwanangu" tangu wiki ya kwanza. Nilimwita mzee, na nilimpenda, jambo ambalo halikunizuia kumtendea nilivyomtendea.

Msomaji asiyejua kompyuta anivumilie kidogo, maana bila hili hataelewa kwa nini nilikosana na mzee wa watu. Namba zetu zilikuwa na pande tatu: kituo, mwezi na mwaka. Kichwani mwako unaona daftari. Kila ukurasa ni mwaka mmoja, na ukurasa una mistari sitini ya vituo na safu kumi na mbili za miezi. Lakini ndani ya mashine hakuna daftari. Kuna foleni moja ndefu ya namba, moja nyuma ya nyingine. Fortran inapanga kwanza Januari ya vituo vyote sitini, halafu Februari ya vituo vyote sitini, hivyo hivyo mpaka Desemba, ndipo mwaka unaofuata unaanza. Programu kuu inapotaka msaada wa programu ndogo, tuseme ile ya kuchapa jedwali, haiipi nakala ya namba. Inaionyesha tu mahali pa kuanzia. Programu ndogo inatamka yenyewe kwamba jedwali lina mistari mingapi, kisha inaikata ile foleni inavyotamka. Ikisema sitini, inakata sitini sitini. Ikisema arobaini, inakata arobaini arobaini. Na kompaila, yaani programu inayogeuza maandishi yetu kuwa lugha ya mashine, haijali kama hizo mbili zinakubaliana. Kwake yeye kila jambo ni sawa.

Mwezi Mei mkuu aliniita ofisini kwake. Jedwali la mwisho lilikuwa mezani. Vituo vinane vya kaskazini, upande wa Byumba, vilikuwa havijaleta namba tangu vita vianze. Wapimaji walikuwa wamekimbia, na vifaa vyao havikujulikana vimeishia wapi. Katika jedwali vilionekana kama mistari minane mitupu yenye majina pembeni. Mkuu alisema wakubwa hawatapenda karatasi inayoonyesha kwamba sehemu ya nchi haina habari. Aliniambia nivitoe vyote, miaka yote, kana kwamba havikuwahi kuwepo.

Sikupenda, lakini nilikuwa mgeni. Nilirudi kwenye chumba cha kompyuta nikamweleza mzee. Aliniomba jambo moja.

"Mwanangu, toa kwenye karatasi, ile ya kuonekana. Lakini ndani ya mashine wawekee nafasi yao. Iko siku watarudi."

Niliona ni ombi jema na jepesi. Nilisogeza vituo vingine juu ili viwe hamsini na viwili mfululizo. Katika programu kuu niliacha nafasi sitini, nane za mwisho zikiwa na sifuri, zikiwasubiri wenyewe. Katika programu ndogo ya kuchapa nilifuta sitini nikaandika hamsini na mbili, ili ile mistari minane isitokee. Kompaila ilichukua muda wake, ikabadilishwa diski mara tatu, ikamaliza bila kulalamika hata neno moja. Nilichapa ukurasa wa kwanza, nikaangalia safu ya Januari, nikaona iko sawasawa. Nikaenda nyumbani kwangu Gisimenti nikala mishikaki ya mbuzi nikiwa na amani.

Jedwali zima lilipotoka, mkuu aliniita tena. Vituo vya mwanzo, vya upande wa Butare, vilionyesha sifuri mwezi Februari, tena wastani wa miaka yote. Kituo kimoja cha Bugesera, kunakojulikana kwa ukame, kilikuwa na mvua kama ya milimani. Na mwezi Septemba, ambao watu wanalima wakitazama mawingu, ulionekana mkavu kama Agosti. Kwa mujibu wa karatasi yetu, mvua za kupandia zilianza mwezi mzima baadaye kuliko kila mtu alivyofikiri.

Mkuu hakuona ajabu kwa hilo la Septemba. Alisema hali ya hewa inabadilika, akaandika barua ya awali kwenda idara ya mbegu kuwashauri wasogeze ugawaji mbele. Kilichomkera ni zile sifuri, kwa kuwa zilionekana kwa macho. Alisema mzee anaandika sifuri pale anapochoka kusoma.

Hapa ndipo ningepaswa kusema kwamba programu niliigusa juzi. Nilikumbuka, sitadanganya. Lakini nilikumbuka vilevile kwamba Januari ilikuwa sahihi na kwamba kompaila haikulalamika, na nikajiambia kosa la programu lingeharibu kila mahali, si hapa na pale. Mtu wa vidole viwili, mwenye miwani iliyofungwa waya, alikuwa kosa rahisi zaidi. Nikasema tutakagua.

Tulikagua wiki tatu. Namba zilikuwa zimehifadhiwa kwenye diski kwa namna ambayo jicho haliwezi kuzisoma. Ilikuwa lazima zipitie kwenye programu, kwa hiyo nilizikagua kwa kutumia chombo kilekile kilichoziharibu. Mzee alisoma daftari kwa sauti, nami nilifuata kwenye karatasi iliyochapwa. Kila zilipotofautiana niliweka alama nyekundu ndani ya daftari lake, pembeni ya namba, ili aiingize upya. Niliweka mamia. Ule mwandiko wake mzuri ulijaa alama zangu kama ukurutu. Yeye aliingiza upya, mimi nikachapa upya, na makosa yakatoka yaleyale, mahali palepale.

Mara ya tatu yalipotoka yaleyale nilipandisha sauti. Nilimwambia haiwezekani mtu akosee namna moja mara tatu kama anasoma kweli. Alivua miwani akaifuta kwa ncha ya shati.

"Madamu," akasema, "mimi iko nasoma."

Tangu siku ile sikuwa mwanangu tena. Nilikuwa madamu.

Alikuwa pia anachelewa. Kati ya Kanombe na mjini palikuwa na vizuizi vya askari, na kila asubuhi watu waliteremshwa, vitambulisho, vilivyoandikwa kabila la mtu, vikaangaliwa kimoja kimoja. Wengine waliachiwa haraka, wengine walikaa pembeni saa nzima. Yeye alikuwa wa kukaa pembeni. Mkuu hakuuliza kwa nini anachelewa. Siku moja alifunga mlango akaniuliza mimi mambo mengine: kama mzee anapata barua kutoka nje, kama amewahi kumtaja dada yake anayekaa Uganda, kama sioni kwamba makosa yanayojirudia mara tatu mahali palepale si makosa.

"Kuna watu wanaharibu kazi kwa makusudi siku hizi," alisema. "Nataka uniandikie ripoti. Wewe ni mgeni, maneno yako hayana upande."

Nilisema nitaandika. Mpaka dakika ile nilidhani tunagombania hesabu. Mwaka ule, mtu mwenye dada Uganda kuambiwa anaharibu kazi ya serikali kwa makusudi halikuwa jambo la kumalizwa kwa onyo la ofisini. Watu walikuwa wamewekwa ndani kwa sababu ndogo kuliko hiyo. Na ushahidi wenyewe ulikuwa alama zangu nyekundu.

Kesho yake nilimkuta mzee amewahi. Alikuwa ametandaza karatasi zilizochapwa sakafuni kwenye baraza la nyuma, kurasa za miaka minne, na kila ukurasa ameubana kwa jiwe. Mkononi alikuwa na rula yake ya mbao. Hakunisalimia kwa maneno mengi. Alisema anataka niangalie jambo moja, halafu nifanye nitakavyo.

Alianza na Januari. Alipitisha rula juu ya safu ya Januari katika kurasa zote nne.

"Hapa hakuna nyekundu. Mwaka huu hakuna, mwaka ule hakuna. Kama mimi iko nachoka, kwa nini Januari sichoki?"

Akaniambia nizihesabu sifuri za Februari. Zilikuwa nane, kituo cha kwanza hadi cha nane. Akasogeza rula hadi Machi. Zilikuwa nane tena, kituo cha tisa hadi cha kumi na sita. Aprili zilikuwa nane, cha kumi na saba hadi cha ishirini na nne. Zilishuka kama ngazi, kidato baada ya kidato, na katika kurasa zote nne ngazi ilikuwa ileile.

"Mtu hawezi kukosea hivi," alisema. "Mtu anakosea ovyo ovyo. Hii iko kazi ya mashine."

Nilikuwa nimezitazama zile kurasa wiki tatu, namba moja moja, bila kuzitazama kama ukurasa. Niliposikia nane mara ya tatu nilikaa chini sakafuni. Nane ndizo nafasi nilizowawekea watu wa kaskazini. Programu kuu ilikuwa inapanga foleni yake sitini sitini, hamsini na mbili za kweli na nane za kusubiri. Programu yangu ndogo ilikuwa inaikata hamsini na mbili hamsini na mbili. Januari ilikuwa sahihi kwa kuwa kila mwaka zote mbili zilianzia mahali pamoja. Februari ilipoanza, programu ndogo ilikuwa imebakiza nane za Januari mkononi, zile sifuri, ikazichapa kana kwamba ni Butare. Machi ilichelewa kwa kumi na sita. Kufika Agosti ilikuwa imechelewa mwezi mzima na inachapa Julai, na Septemba ilichapa Agosti. Mvua haikubadilika popote. Ilikuwa imesogezwa na mkono wangu.

Nilimwambia mzee palepale. Nilimwonyesha kwenye karatasi ya programu ile hamsini na mbili niliyoiandika na ile sitini niliyoiacha. Aliinama akazitazama kwa muda, akaniuliza kama mashine haikuona kwamba hizi mbili hazilingani. Nilisema haiangalii. Akauliza tena, kama mtu ambaye hajasikia vizuri: imepewa daftari la mistari sitini, ikaambiwa lina hamsini na mbili, ikakubali? Nilisema ndiyo. Alitikisa kichwa na kusema angekuwa karani wa namna hiyo, angefukuzwa siku ya kwanza.

Kurekebisha kulichukua mistari miwili. Nilitenganisha mambo ambayo nilikuwa nimeyachanganya: nafasi zilizotengwa, na nafasi zinazotumika. Programu ndogo sasa ilipewa zote mbili, ya kwanza iijue foleni inakatwaje, ya pili ijue inachapa hadi wapi. Mistari miwili, baada ya wiki tatu. Na umeme ukakatika kompaila ikiwa katikati. Tulikaa tunasikiliza sinki linadondosha maji hadi alasiri. Uliporudi nikaanza upya, tukachapa, mzee akafungua daftari, akasoma kituo cha kwanza mwaka mzima. Kila namba ilikuwa mahali pake. Alisoma Septemba kwa sauti kubwa kuliko miezi mingine.

Nilidhani sehemu ngumu imekwisha. Nilienda kwa mkuu na karatasi mpya, nikamwambia kosa lilikuwa langu tangu mwanzo, kwamba mzee hakukosea hata namba moja, na kwamba barua ya idara ya mbegu lazima irudishwe kabla mbegu hazijacheleweshwa. Nilitegemea hasira. Nilichokipata ni uchovu, tena wa mtu anayenionea huruma kwa ujinga wangu. Alisema kompyuta ile ilikuja kwa sherehe, na wakubwa walipigwa picha nayo. Hawezi kuwaandikia kwamba imekosea. Na wiki iliyopita alikwishawadokeza kwamba tatizo ni karani.

"Kompyuta haijakosea," nilisema. "Nimekosea mimi."

"Wewe ndiye kompyuta," alinijibu. "Kwao hakuna tofauti."

Tulibishana hadi saa ya chakula. Mwisho nilimwambia kama anataka ripoti aliyoniagiza, nitaiandika, na itasema nilichofanya mimi, mstari kwa mstari, na nakala nitaipeleka makao makuu ya mradi nje ya nchi, kwa waajiri wangu. Sijui nilipata wapi ujasiri ule. Nadhani ulikuwa ni kero tu, kero iliyokuwa imefika kooni. Mkuu alimwita katibu muhtasi, akasema aandike barua fupi: jedwali la awali limefutwa kwa sababu za kiufundi, limeambatanishwa jipya. Jina la mzee halikutajwa, wala langu. Nilitaka zaidi ya hapo, lakini aliisaini, na sikusikia tena habari za makusudi wala za dada wa Uganda.

Barua niliipeleka mwenyewe idara ya mbegu siku ileile, sikuiamini njia nyingine. Ofisa aliyenipokea alikuwa mpole, alivaa sweta wakati wa joto. Nilimweleza kwa kirefu, kwa Kiswahili na kwa Kifaransa changu cha kuokota, kwamba ushauri wetu wa kusogeza ugawaji ulikuwa kosa na kwamba Septemba ina mvua kama siku zote. Alisikiliza mpaka mwisho. Halafu alivuta droo, akatoa bahasha yetu ya kwanza. Haikuwa imefunguliwa.

Alinieleza bila kuona haya kwamba mbegu hupelekwa gari linapopatikana na barabara inapopitika, na mwaka huu magari mengi yamechukuliwa na jeshi. Wakulima nao hupanda wanapoona mvua, hawajawahi kuuliza karatasi. Alizipiga mhuri bahasha zote mbili kuwa zimepokelewa, akazirudisha kwenye droo pamoja.

Nilirudi Kiyovu kwa miguu, napanda kilima nikiongea peke yangu. Wiki tatu, mzee nusura apotee, na bahasha haikufunguliwa. Ilipaswa kunipa nafuu kwamba kosa langu halikumdhuru mkulima yeyote. Haikunipa. Nilikasirika kana kwamba nimetukanwa.

Nilipomsimulia mzee, yeye alicheka, kwa mara ya kwanza tangu Mei. Lakini hakuwa amemalizana nami. Aliweka madaftari mezani kwangu, yote, akaniambia kwa adabu kwamba zile alama nyekundu haziwezi kubaki. Atakapostaafu mtu mwingine atayafungua, ataona nyekundu, atasema karani huyu alikuwa hovyo. Nilimwambia nitaandika karatasi moja ya maelezo niibandike kwenye jalada. Alikataa. Karatasi inabanduka, alisema.

Kwa hiyo nilipita kila ukurasa. Kando ya kila alama niliandika kwa wino mweusi kwamba namba ni sahihi, nikaweka saini yangu. Mkono uliniuma, nikanung'unika, nikalalamika kwamba anaonea. Yeye alikaa kiti cha pili akiendelea na kazi yake, kila nilipojaribu kuruka moja akiuliza tu, bila kuinua kichwa, huo niliouruka ni mstari wa ngapi. Sijui aliona vipi. Ilinichukua siku sita. Siku ya sita alikagua ukurasa wa mwisho, akafunga daftari, akaniuliza kama nimekula.

Nilikaa mpaka mkataba wangu ulipokwisha, mwanzoni mwa 1993. Katika muda huo vituo vingine vilinyamaza, upande wa Ruhengeri, na kila vilipopungua nilibadilisha namba moja tu, ile ya nafasi zinazotumika. Ile ya nafasi zilizotengwa sikuigusa. Mkuu alihamishiwa kwingine kabla yangu. Mzee aliniaga pale mlangoni, akaniita mwanangu, akanipa kilo mbili za maharage nipeleke kwa mama yangu, akanionya nisiyachanganye na mengine.

Yaliyofuata katika nchi ile kila mtu anayajua, na mimi sikuwepo, kwa hiyo sitajifanya kuyasimulia. Niliandika barua mbili Kanombe baada ya 1994. Hazikurudi wala hazikujibiwa. Mwaka mmoja nilimpata mtu aliyekuwa anakwenda Kigali, nikamwelekeza nyumba, na alirudi akasema pale wanakaa watu wengine waliotoka Burundi, wakarimu, wasiomjua.

Nimeendelea na kazi hii ya kompyuta hadi nywele zikaanza kubadilika. Lugha za siku hizi zinalinda watu zaidi. Ukizipa jedwali la sitini na kuliita hamsini na mbili, nyingi zinakataa na kukueleza kwa nini. Vijana ninaofanya nao kazi wanakereka, wanasema zinabana, zinawachelewesha. Nawaambia waache zibane. Wananiona mama mkali, na siku nyingine, nikiwa sijachoka sana, nawaeleza habari ya karani wa Kanombe aliyeona kwa rula nilichoshindwa kukiona kwa shahada.

Maharage yake mama aliyapanda nyuma ya nyumba. Alisema yanaiva haraka na hayana gesi.